Mizani ya Kuigiza: Namna Programu ya Mashine ya Mkononi Inavyojaribiwa Ndani ya Kompyuta

Katika kituo kimoja cha kukusanyia maziwa upande wa Pongwe, kwenye barabara itokayo Tanga mjini kwenda Muheza, wafugaji huanza kufika kabla ya saa 12 asubuhi, wengine kwa baiskeli na wengine kwa bodaboda, ndoo zao zikiwa zimefunikwa vizuri. Karani huyapima maziwa kwa laktomita, kifaa cha kuonyesha kama yameongezwa maji, huitundika ndoo kwenye mizani, na mashine ndogo aliyoishika mkononi husoma uzito kutoka kwenye mizani, huuhifadhi, kisha hutoa stakabadhi. Asubuhi moja mzee mmoja aliitazama stakabadhi yake, akaitazama na mizani, akasema kwa upole: "Mwanangu, ndoo hii nimeibeba mwenyewe. Hizi si kilo mbili." Karani naye akaangalia, akajibu: "Kweli babu, subiri niipime tena." Uso wa mizani ulionyesha kilo 12.4. Karatasi iliandikwa 2.4.

Programu iliyochapa karatasi ile niliiandika mimi. Kabla haijafika Pongwe ilikuwa imejaribiwa kwa wiki tatu kwenye kompyuta mpakato yangu, nyumbani Ngamiani, ikapokea maelfu ya ndoo za kuigiza usiku na mchana, na haikukosea uzito hata mara moja. Tangu siku hiyo nimelichukulia suala la kuiga vifaa ndani ya kompyuta kwa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mfugaji hulipwa kwa kilo zilizoandikwa, na kilo 10 zikipotea kati ya mizani na karatasi, hasara inamwangukia mtu ambaye hana njia ya kujua kilichotokea ndani ya mashine. Nitajaribu kueleza hapa uigaji huo unafanywaje, unaficha nini, na unapaswa kujengwa vipi ili usifiche.

Pengine msomaji atauliza kwa nini programu isijaribiwe kwenye mashine yenyewe tangu mwanzo. Sababu ya kwanza ni ya kawaida: mashine ni moja, imeletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, na karani anaihitaji kila asubuhi. Sababu ya pili ndiyo nzito, nayo ni kwamba kwenye mashine halisi huwezi kuamuru jambo litokee. Karatasi ya printa itaisha siku yake, betri ya mizani itakata ikitaka kukata, na mtandao utapotea katikati ya mvua za masika wala si mezani kwako. Ndani ya kompyuta unaweza kuagiza karatasi iishe kwenye mstari wa saba wa stakabadhi, ukarudia mara mia huku ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara, mpaka ujue kwa hakika programu yako inafanya nini katika hali hiyo.

Neno "kuiga" lenyewe linabeba mambo mawili tofauti, na mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Emuleta huiga kompyuta ya ndani ya mashine, yaani prosesa, kumbukumbu na mfumo endeshi, kiasi kwamba programu ileile itakayowekwa kwenye mashine inaendeshwa bila kutambua kuwa iko mahali pengine. Simuleta huiga tabia ya kifaa kama inavyoonekana kutoka nje: mizani inayotuma uzito, printa inayopokea maandishi, skana inayosoma msimbo pau. Mashine nyingi za mkononi za siku hizi huendeshwa kwa Android, na emuleta ya Android imejengwa juu ya QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard na kutolewa mwaka 2003. Ukiwa ndani yake unaweza kushusha kiwango cha betri, kubadilisha mahali mashine inapodhani ipo, kupunguza kasi ya mtandao na kuongeza ucheleweshaji wake. Na programu ikitaka kuzungumza na kompyuta iliyoibeba, inaiita kwa anwani 10.0.2.2. Hayo yote ni msaada mkubwa. Lakini emuleta haina mizani, na kwa miaka mingi haikuwa hata na Bluetooth, ambayo ndiyo njia wanayotumia makarani wengi kuunganisha printa na mizani zao. Kwa hiyo mwandishi wa programu analazimika kujitengenezea mwenyewe kile kinachokosekana, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Mfano maarufu kuliko yote wa kazi hii una nusu karne. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen waliamua kuandika BASIC, lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Altair 8800, ambayo hawakuwa nayo na hawakuwahi kuigusa. Allen alisoma kitabu cha maelekezo cha prosesa ya Intel 8080, akaandika programu ya kuiiga prosesa hiyo kwenye kompyuta kubwa ya PDP-10 iliyokuwa chuoni Harvard, na BASIC yao yote ikaandikwa na kujaribiwa humo. Allen alipopanda ndege kwenda Albuquerque kuwaonyesha watengenezaji wa Altair, akiwa njiani alikumbuka kwamba hawakuwa wameandika programu fupi ya kuiingiza BASIC kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwenye PDP-10 haikuhitajika, kwa hiyo hakuna aliyeikosa. Akaiandika humo ndani ya ndege, na alipofika BASIC ilifanya kazi.

Kisa hicho husimuliwa kama ushahidi wa kipaji cha vijana wale, nami sina ubishi na hilo. Ninachokitazama zaidi ni mambo mawili yaliyomo ndani yake. La kwanza ni kwamba uigaji ulificha hatua nzima ya kazi, kwa sababu mazingira ya kompyuta kubwa yalikuwa mapana na yenye huruma kuliko ya mashine ndogo. La pili linahitaji kufikiriwa polepole: aliyeandika emuleta alikuwa mmoja wa wale waliotegemea emuleta hiyo kujua kama programu ni sahihi. Iwapo Allen angekuwa amekielewa vibaya kitabu cha Intel mahali fulani, kosa hilo lingeingia pande zote mbili, programu na emuleta zingekubaliana, na majaribio yote yangepita. Kosa lisingeonekana mpaka Albuquerque.

Ndivyo ilivyonitokea mimi na mizani. Mizani ya kidijitali ya aina niliyokutana nayo hutuma mstari mmoja wa herufi mara kadhaa kwa sekunde, kupitia waya wa siriali, yaani unaopitisha biti moja baada ya nyingine, au kupitia Bluetooth inayojifanya waya. Mstari wenyewe unaonekana hivi: ST,NT,+00012.4kg. Herufi mbili za mwanzo zinasema kama uzito umetulia: ST ikiwa umetulia, US ikiwa ndoo bado inabembea. Zile mbili zinazofuata zinaeleza kwamba huu ni uzito halisi baada ya kuondoa uzito wa ndoo tupu. Mwishoni kuna baiti mbili zisizoonekana, zenye thamani 13 na 10, zinazotangaza kwamba mstari umekwisha. Kila herufi nayo ni baiti moja, kwa hiyo jumla ni baiti 18.

Niliandika simuleta ya mizani kwa kufuata maelezo hayo. Kwenye kompyuta, kazi hii hufanywa kwa jozi ya poti za siriali za kubuni, ambazo ni kama waya usiokuwepo wenye ncha mbili: upande mmoja simuleta inaandika, upande wa pili programu inasoma, na programu haijui kwamba hakuna mizani. Mstari wote wa baiti 18 niliuandika kwa mpigo mmoja, na poti ya kubuni ikaupitisha mzima mzima kwa papo hapo, kwa kuwa kwa kawaida poti hizo haziheshimu mwendo wa waya. Programu yangu nayo, kila ilipoamka kusoma, ilichukua chochote kilichokuwepo, ikatafuta tarakimu zilizotangulia "kg", ikauandika uzito. Kila mara ilikuta mstari mzima. Kila mara ilipata jibu sahihi.

Waya halisi una mwendo wake. Kwa kasi ya 9600, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwenye mizani, kila sekunde zinapita biti 9600. Na kila baiti hutumia biti 10, kwa sababu biti 8 za data husindikizwa na moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Hiyo ni baiti 960 kwa sekunde, na mstari wa baiti 18 unahitaji karibu milisekunde 19 kufika wote. Kwa binadamu huo ni muda usiohesabika. Kwa prosesa ni muda mrefu mno, na programu inayoamka katikati yake itakuta nusu ya mstari. Asubuhi ile ilikuta "ST,NT,+0001", ikatafuta "kg", haikuiona, ikakitupa kipande. Ilipoamka tena ikakuta "2.4kg". Tarakimu zilizotangulia "kg" zilikuwa 2.4, na karatasi ikachapwa.

Sikuwa nimekosea hesabu wala sikuusoma vibaya muundo wa mstari. Kosa lilikuwa kudhani kwamba usomaji mmoja ni mstari mmoja, na dhana hiyohiyo ndiyo iliyoandika simuleta. Tiba kwenye programu ilikuwa fupi: kukusanya baiti mpaka zifike zile 13 na 10, kuhakikisha urefu ni 18 na mwanzo ni ST, na kuukataa mstari mwingine wowote. Tiba kwenye simuleta ilichukua siku nyingi zaidi, na naamini ndiyo yenye faida ya kudumu. Simuleta mpya hukata kila mstari mahali popote pale kwa kubahatisha, husubiri milisekunde chache kati ya vipande, mara nyingine hubandika mwisho wa mstari mmoja na mwanzo wa unaofuata, mara nyingine huacha baiti moja ipotee kabisa. Namba inayoongoza bahati hiyo huandikwa kwenye ripoti ya kila jaribio, ili jaribio lililoshindwa liweze kurudiwa vilevile kesho yake, kwa mpangilio uleule wa mikato. Programu yangu ya zamani, nilipoipitisha kwenye simuleta hii, ilikosea uzito kabla sijamaliza kunywa chai.

Hata hivyo simuleta hiyo ilikuwa bado inatoka kichwani mwangu, na nilishajifunza kichwa changu kinavyoweza kukubaliana na chenyewe. Nilirudi Pongwe nikiwa na programu ndogo isiyofanya lolote ila kuandika kwenye faili kila baiti iliyofika kutoka kwenye mizani pamoja na milisekunde iliyofikia, nikamwomba karani aendelee na kazi yake kama kawaida. Faili la asubuhi moja lilinifundisha jambo ambalo lisingenijia mezani. Ndoo ikitundikwa hubembea, na mizani hutuma US mfululizo. Karani kwa mazoea huishika ndoo kwa kiganja ili itulie upesi. Na mkono ukiwa bado umeegemea pale, mizani hutangaza ST kwa muda mfupi, ikiwa na uzito usio wa kweli, kisha mkono ukiondoka inarudi US kabla ya kutulia sawasawa. Programu iliyokuwa inachukua ST ya kwanza ilikuwa inapima maziwa pamoja na mkono wa karani. Sasa inataka ST iliyodumu sekunde nzima bila kubadilika. Kanuni hiyo ilitoka kwenye faili lile, na faili lenyewe likawa sehemu ya majaribio: simuleta inaweza kulicheza upya kwa mwendo uleule, na programu ikadhani iko Pongwe.

Printa ina hadithi yake, nayo ni ya ukweli mmoja usiozoeleka: kutuma maandishi na kuchapa maandishi ni matukio mawili. Bluetooth ikisema imefaulu, maana yake ni kwamba baiti zimepokelewa upande wa pili, na haisemi neno kuhusu karatasi. Printa nyingi ndogo za joto hufuata lugha ya amri iitwayo ESC/POS, na katika lugha hiyo kuna swali la baiti tatu, 16, 4 na 4, linaloiuliza printa hali ya karatasi wakati huohuo. Baadhi ya printa za bei nafuu hazilijibu. Simuleta ya printa inayofaa inapaswa kuweza kujibu kwamba karatasi ipo, kujibu kwamba imekwisha, na kunyamaza kabisa, kwa sababu hali hizo tatu zinahitaji uamuzi tofauti wa programu. Karatasi ikiisha katikati, je, stakabadhi ichapwe upya kwa namba ileile, au kwa namba mpya? Ikichapwa kwa namba mpya bila kuifuta ya kwanza, mfugaji ataonekana ameleta ndoo mbili, na mwisho wa mwezi hesabu za kituo hazitalingana na maziwa yaliyomo kwenye tangi. Upana nao unadanganya. Karatasi ya milimita 58 huchapwa nukta 384 kwa mstari, na kwa herufi za kawaida zenye upana wa nukta 12 hiyo ni herufi 32 tu. Dirisha la kompyuta litaonyesha jina refu la mfugaji likiwa limenyooka vizuri. Karatasini litakatika, na kilo zitashuka mstari wa chini ambako hakuna anayezitafuta. Simuleta yangu hukata kwenye herufi ya 32 bila huruma.

Saa pia ni kifaa, ingawa watu hawaihesabu. Programu isiulize saa moja kwa moja kutoka kwenye mfumo, bali kupitia mlango mmoja unaoweza kubadilishwa wakati wa majaribio, ili siku nzima ya kituo ipitishwe kwa sekunde chache na usiku wa manane ufike unapoutaka. Muda wetu unatangulia muda wa kimataifa kwa saa 3. Programu iliyosahau jambo hilo itafanya kazi salama asubuhi na jioni, maana maziwa ya saa 12 asubuhi bado yanaangukia tarehe ileile, na kosa litajitokeza tu kwa kazi inayofanyika kati ya saa 6 na saa 9 usiku, kama vile kufunga hesabu za siku. Ipo pia mashine ambayo betri yake imekwisha kabisa ikaamka ikidhani ni tarehe 1 Januari 1970. Majaribio ya namna hii ni rahisi mno kwenye kompyuta, na ni vigumu sana kuyafanya kwa mkono.

Kuna tofauti nyingine inayowahusu wale wanaoandika kwa lugha ya C, hasa kwenye mashine za malipo. Prosesa za kompyuta nyingi za mezani ni za familia ya x86, na za mashine za mkononi ni ARM. Kwenye Linux, aina ya data iitwayo char huweza kubeba namba hasi kwenye x86, lakini kwa kawaida haiwezi kwenye ARM. Mtu akirudisha −1 kama alama ya hitilafu na kuihifadhi humo, kwenye kompyuta itabaki −1 na onyo litatoka. Kwenye mashine itageuka 255, sharti la "chini ya sifuri" halitatimia kamwe, na hitilafu itapita kama namba halali. Emuleta ya Android kwenye kompyuta ya x86 haitamwokoa, kwa sababu kwa ajili ya kasi huendesha toleo la Android lililotengenezwa kwa x86. Anayetaka kuliona kosa hili kabla ya mteja inampasa aiendeshe programu ya ARM yenyewe ndani ya QEMU, hata kama itakwenda polepole.

Baada ya yote hayo yanabaki mambo ambayo kompyuta haiyajibu, na sioni faida ya kujifanya inayajibu. Mshale wa kipanya hugusa nukta moja. Dole gumba lenye unyevu wa maziwa halina usahihi huo, na kitufe kisichofika takriban milimita 9 kitamkosesha karani. Kioo kinachosomeka vizuri chumbani huweza kupotea kabisa kwenye jua la saa 4. Mambo haya huyapeleka Pongwe kwa makusudi, nikiwa nimeyaandika kwenye karatasi, na karani ndiye anayeyaamua.

Mengine yote yanapitia kompyutani kwanza. Kila ninapobadilisha programu, hata kama ni neno moja kwenye stakabadhi, faili la asubuhi ile huchezwa upya tangu ndoo ya kwanza mpaka ya mwisho, likiwa na mikato yake na mkono wa karani ndani yake. Mzee yule alifika siku ile niliyokuwa narekodi, akasimama wa nne kwenye foleni kwa ndoo ileile. Maziwa yake yalikuwa kilo 11.8, na toleo lolote linaloandika namba nyingine haliondoki Ngamiani.